Nundu Moja

Sharti nilijiwekea mwenyewe: mkebe wa biskuti,
ule wa buluu ambamo Mejumaa huweka sindano zake.
Kifuniko kikae, kisikwaruze.
Kitakachozidi hapo si winchi, ni majivuno.

Vitofali nilivinunua Kongowea, kwa kilo,
vimechanganyika na vichwa vya wanasesere.
Nikaviosha kwa sabuni ya unga, nikavianika darini,
Mikindani nzima ikiniona, mtu mzima na mvi zangu,
nageuza plastiki juani kama dagaa.

Miaka kumi na tisa nilikaa juu ya gati,
kioo chini ya miguu, meli chini ya kioo,
shingo imeinama hadi ikakataa kuinuka.
Daktari alisema pingili za shingo.
Afisi ilisema pole, na tarehe.
Najua winchi inavyohema kabla mzigo haujaachana na sitaha.
Imeundwaje, sikuwahi kujua.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzuri, ikaanguka.
Ya pili ilisimama kama mgeni asiyetaka kukaa,
haikuinua kitu.
Ya tatu iliinua kastabini, ikaishika kwa pumzi mbili,
kisha uzi ukajifungua wote, trrrr,
kipini kikanipiga kidole.

Hapo ndipo nilipojifunza parafujo.
Gurudumu la meno manane na la ishirini na manne
yanazungumza: huyu akisukuma, yule aweza kurudisha.
Parafujo haijibiwi.
Inalipeleka gurudumu jino kwa jino,
na gurudumu, hata libebe nini, haliwezi kuigeuza.
Mzigo unabaki pale ulipoachwa.
Nilicheka peke yangu, saa nane za usiku:
barua za namna hiyo nimewahi kuzipokea.

Lakini parafujo inataka nafasi.
Nikatoa ngazi. Nikatoa taa.
Nikaufupisha mkono, ukunjike mara mbili
kama futi ya seremala.
Mwisho nikang'oa kiti cha dereva
na kupitisha ekseli pale pa magoti.

Nimwaka, kitindamimba wangu, alichungulia.
"Baba, na wewe unakaa wapi?"
Nikamwambia, hii ni ndogo.
"Mimi pia ni mdogo," akasema, "na ninakaa."

Nikaibomoa.
Wiki mbili. Parafujo nikailaza,
nikaishusha chini ya kisahani kinachozunguka,
kipini kikatokea nyuma kama mkia wa mbuzi,
nikapata nundu moja ya tofali, moja tu.
Mtu wa plastiki anataka mbili.

Ikabaki shughuli ya uzani.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema;
winchi haijui methali,
inauliza tu nyuma yangu kuna nini.
Nikajaza vitofali: vyepesi.
Nikajaza sarafu: zikagoma kuzunguka na mwenzao.
Ndipo nikalikumbuka kufuli la kabati langu la bandarini,
la shaba, namba 214 imechorwa kwa msumari.
Ufunguo niliurudisha. Kufuli nililisahau mfukoni,
au hivyo ndivyo nilivyowaambia.
Liliingia kana kwamba limepimiwa.

Ijumaa asubuhi, kabla mbaazi hazijaingia chunguni,
Nimwaka alichagua punje moja,
akaikalisha penye ile nundu.
"Dereva."
Haikuwa na uso. Ilitosha.
Kulabu ikashuka, ikaidaka kastabini iliyojaa sukari,
nikazungusha kipini mara thelathini na nane,
na nikajisikia nikisema, "Taratibu, kuna upepo,"
ndani ya jikoni, madirisha yamefungwa.
Sukari ikavuka mdomo wa kikombe. Kufuli halikutikisika.
Mtoto ameinamisha shingo kutazama chini, chini kabisa.
Nikamwambia, inua kichwa, mama. Inua kichwa.

Kifuniko hakikai tena,
kwa kimo cha punje ya mbaazi.
Sindano za Mejumaa zinalala kwenye kisosi.